Mikono Miwili ya Robi

Butiama, 28 Machi 1971

Kwako Kaka Stanislausi,

Nakusalimu wewe na shemeji Hana na wote mnaokaa nao hapo Nyasho. Huku tunaendelea, ingawa si wote, kama utakavyosoma mbele. Mvua imeanza. Mtama wa upande wa juu umeota vizuri, wa upande wa chini ng'ombe wa jirani wameufanyia karamu, na jirani mwenyewe anasema ng'ombe hawajui mipaka. Usishangae mwandiko. Ni wangu mwenyewe. Darasa la kisomo linakaa Jumatatu na Alhamisi, na mwalimu anasema naandika kama mtu anayelima, nakandamiza mno. Wewe ulinifundishaga herufi tano ukaenda zako Musoma. Sasa zilizobaki utazisoma.

Mtoto wa nyumba yangu amefikisha miezi miwili. Nimempa jina la baba, Nyamhanga, na kelele ni za baba vilevile. Najua hukuja siku nilipotoa ng'ombe nikamwoa Robi. Ulisema Kanisa haliijui ndoa ya mwanamke kumwoa mwanamke. Mimi Mungu hakunipa mtoto, na nyumba isiyo na mtoto inazimika, kwa hiyo nikafanya kama bibi zetu walivyofanya: nikamwoa binti wa watu anizalie. Sitaki tuyarudie. Nakwambia tu kwamba mtoto yupo na ananichekea.

Sasa neno lenyewe. Tarehe kumi na tano walikuja watu wa chanjo ya ndui. Balozi wetu Makongoro alipita nyumba zake kumi akisema kila mtu atoe mkono, asiyetoa ataitwa mbele ya mkutano. Watoto wachanga wa chini ya miezi mitatu waliachwa. Sisi tukachanjwa. Siku ya kumi Robi akaanza kulalamika kichwa. Si kichwa cha jua, Kaka. Anasema kinatwanga kutoka ndani, na akilala ndiyo kinazidi. Juzi alitapika wakati hakuwa amekula kitu. Jana alinyoosha mkono kuchukua kikombe akashika hewa pembeni yake.

Wewe ulikuwa dresa wa serikali miaka thelathini, ukitibu na kuchanja watu. Niambie, dawa ya chanjo inaweza kupanda kichwani? Wanawake hapa wanasema inaweza. Wanataka tumpige chuku kwenye paji la uso, damu mbaya itoke. Nijibu upesi.

Dada yako,
Nyamburi

*

Nyasho, Musoma, 7 Aprili 1971

Dada yangu Nyamburi,

Barua yako nimeipata jana. Niliishika muda kabla ya kuifungua, kwa sababu sikuwahi kuona jina langu kwa mkono wako. Unakandamiza kweli, lakini kila herufi imekaa mahali pake. Hana anakusalimu. Goti lake linamsumbua, hata hivyo hakosi sokoni asubuhi, maana anasema sato wanaoletwa nyumbani na wachuuzi wamelala siku mbili. Mimi nipo, nasoma gazeti na kubishana na redio.

Nianze na la haraka. Usimpige chuku. Chuku hunyonya damu ya ngozi, na ugonjwa unaonieleza hauko kwenye ngozi. Na usimpe dawa ya kienyeji ya kuharisha, maana mtu aliyepungukiwa maji damu yake huwa nzito.

Nikueleze jinsi kichwa kilivyo, ili ujue unaangalia nini. Damu huingia kwenye ubongo kwa mishipa fulani na hutoka kwa mingine. Unaijua midomo ya Mto Mara pale unapokaribia ziwa, yale mafunjo yaliyosongamana. Maji yakikosa pa kutokea hayarudi mbinguni. Yanapanda, yanafurika mashamba ya juu, na mto unaharibu ukingo wake mwenyewe. Mshipa wa kutolea damu kichwani ukiziba kwa damu iliyoganda, mambo huwa hivyo hivyo. Kichwa huuma mtu akilala, kwa sababu akilala maji yanajaa. Hutapika. Macho hukosea. Kisha, Mungu apishe mbali, hupata kifafa au mkono mmoja hulegea.

Sisemi kwamba Robi ana ugonjwa huo. Huenda ni malaria. Nasema ni mambo ya kupimwa na daktari, si ya kusubiri. Umuinue kichwa kwa mito miwili, anywe maji mengi, na gari la kwanza linalokuja Musoma mpandishe. Nitampokea stendi.

Umeuliza kama dawa ya chanjo inaweza kupanda kichwani. Dawa hiyo hupakwa kwenye kichuma chenye meno mawili, na kichuma hudonoa ngozi ya bega mara kumi na tano. Pale pale bega hufanya lengelenge, likikauka linaacha kovu. Hiyo ndiyo kazi yake.

Usikawie.

Kaka yako,
Stanislausi

*

Butiama, 19 Aprili 1971

Kaka,

Salamu ni zile zile, na mvua ni ile ile. Daraja la mto mdogo lilikwenda na maji, barua yako ikakaa kwa karani wa ushirika siku tisa. Alipoileta Robi hakuwepo tena hapa.

Tarehe tano alianguka jikoni akatetemeka mwili mzima, mate yakatoka. Alipoamka hakunijua. Habari ilikwenda Bunda kabla sijajua niipeleke vipi, na siku ya tatu Enoka, baba yake, alifika na gari la ng'ombe kutoka Manyamanyama. Hakukaa. Hakunywa uji. Alisema, "Nilikupa binti mwenye kichwa kizima." Akamlaza garini juu ya pamba, Justina, mama yake, akambeba mtoto, wakaondoka. Nilisimama njiani mpaka sikusikia magurudumu.

Sasa nasikia Enoka amemwita fundi wa kupasua kichwa, mzee mmoja wa upande wa Tarime. Unawajua. Wanafungua ngozi, wanakwangua mfupa mpaka ubongo uonekane, wanasema ugonjwa unatoka na upepo. Fundi anangojwa mwezi uandame.

Nimesoma maelezo yako ya mto na mafunjo mara nne. Ni mazuri. Lakini nilikuuliza kitu kimoja, na hicho hukukijibu. Umenieleza bega. Mimi niliuliza kichwa.

Liko jambo ambalo siliandiki hapa.

Nyamburi

*

Nyasho, Musoma, 29 Aprili 1971

Dada,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi. Robi yuko ndani. Yu hai. Nimelitanguliza hilo ili usome mengine kwa utulivu.

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na tatu, nami nilipanda basi la Bunda siku iliyofuata. Nyumba ya Enoka haikunisumbua kuipata, kwa sababu watu wote wa Manyamanyama walikuwa wanaelekea huko. Fundi alikuwa amefika. Ni mzee mwembamba, amekaa juu ya ngozi ya mbuzi, visu vyake vimelala kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Nikwambie ukweli, mikono yake ilikuwa safi kuliko ya madresa wengi niliofanya nao kazi.

Enoka aliniangalia kuanzia viatu. "Mzee, wewe ni nani kwake? Siku ya ng'ombe sikukuona."

"Mimi ni kaka wa Nyamburi."

"Kaka wa aliyemwoa binti yangu." Akacheka bila furaha. "Basi wewe ni shemeji yake. Karibu, shemeji. Umechelewa mwaka mzima."

Nilimgeukia fundi nikamwamkia, nikamuuliza kama mtu wa kazi anavyomuuliza mwenzake: wale anaowafungua vichwa, wanatoka wapi? Akasema wengi ni wa ugomvi, waliopigwa rungu, mfupa umeingia ndani. "Hao ninawaponyaga," akasema. "Na wa ugonjwa?" Akatoa kisu kimoja kwenye maji, akakirudisha. "Wa ugonjwa wananifia, mzee. Nusu yao. Sisemagi, lakini wewe umeniuliza vizuri."

"Huyu hajapigwa rungu," nikasema.

Akamtazama Enoka. "Mpelekeni kwa watu wa dawa," akasema. "Mimi nitakunywa uji wenu niende." Enoka alikasirika, lakini fundi alikuwa amekwisha kukataa, angefanya nini? Tulipata lori la ushirika lililokuwa linakuja Musoma tupu. Nilishika kichwa cha Robi mapajani njia nzima, Justina akishika mtoto. Mtoto anakunywa maziwa ya ng'ombe na hana neno.

Daktari anaitwa Leodgar. Ni kijana, hana haraka. Alimulika macho ya Robi kwa taa ndogo akaniita nami nitazame. Mshipa wa fahamu wa jicho umevimba, maana yake ndani ya kichwa mna msongo. Anadhani mshipa wa kutolea damu umeziba, kama nilivyokuandikia. Anampa dawa ya kuzuia kifafa na maji ya mshipani, kichwa kimeinuliwa. Hatuna chombo cha kuona ndani ya fuvu, kwa hiyo tunasubiri.

Nilipomsaidia muuguzi kumvua Robi nguo, niliona kovu bichi la chanjo kwenye bega la kushoto. Kisha nikaona lingine, bichi vilevile, kwenye bega la kulia. Mtu mmoja hachanjwi mara mbili. Mimi nimefanya kazi hiyo. Niambie.

Stanislausi

*

Butiama, 9 Mei 1971

Kaka,

Nashukuru kwa lile neno la kwanza kwenye barua yako. Nilimsomea karani wa ushirika kwa sauti, yeye hakuniomba. Hana unisalimie, na Justina umwambie mtoto akilia apakatwe bega la kulia, hapendi kushoto.

Kovu la pili ni langu.

Siku ile ya kumi na tano watu wa chanjo walikaa kwa Makongoro, Robi akaenda na nyumba zetu. Mimi nilijificha kwenye mtama. Makongoro akasema kesho yake, "Nyamburi, jina lako halina alama, na leo wako kwa balozi wa pili. Nenda, ama mkutano utakuita." Nilikaa chini nikasema siendi. Robi akanitazama akasema, "Mama, si ulinioa nifanye yale ambayo mwili wako haukuweza? Hata hili nitaliweza." Akajifunga khanga juu ya bega la kushoto, akaenda, akataja jina langu, akatoa bega la kulia. Yule mchanjaji, Bwana Silasi, ni mgeni, hakumjua. Alirudi anacheka. Mimi nikacheka pia. Tuliona ni jambo la akili sana.

Sasa naona nimempa dawa ya watu wawili katika mwili mmoja, na mwili umekataa. Enoka akijua ataniua, na mimi sitakimbia.

Utauliza mtu mzima anaogopaje kichuma kidogo. Wewe usiniulize hivyo. Watu wote waniulize, wewe usiniulize. Unajua nyumba yetu ilitoa nani.

Nyamburi

*

Nyasho, Musoma, 20 Mei 1971

Dada yangu,

Habari njema kwanza. Jumatatu shemeji yangu Robi alifumbua macho akaomba uji. Kifafa hakijarudi kwa siku kumi na mbili. Jicho la kulia linaona. La kushoto linaona mwanga tu, na daktari haahidi zaidi ya hapo.

Nilimweleza Daktari Leodgar juu ya mabega mawili. Nilimwomba aniambie wazi. Akasema, "Mzee, dozi mbili badala ya moja siyo iliyomlaza. Watu wamewahi kurudiwa chanjo kwa makosa bila kudhurika." Nikamuuliza: na ile moja? Akasema, "Nikisema ni chanjo, nitakuwa nakisia. Nikisema siyo, nitakuwa nakisia vilevile. Amejifungua Januari. Mwanamke aliyetoka kujifungua damu yake huganda kwa urahisi, na ugonjwa huu huwapata wanawake hao hata pasipo chanjo yoyote. Lakini yapo pia magonjwa ya kichwani ambayo, mara chache sana, hufuata chanjo hii. Kufuata siyo kusababisha. Nitaandika yote mawili kwenye ripoti, wakubwa wahesabu na za wengine." Na kweli ameandika, kurasa tatu. Nilimtazama akiandika.

Kwa hiyo weka chini huo mzigo wa mkono wa pili. Ulifanya kosa, na lilikuwa kosa la kumkosea mchanjaji na daftari lake. Halikumuumiza Robi.

Hayo mengine uliyoyagusa mwishoni ni ya zamani. Tuyaache.

Stanislausi

*

Butiama, 30 Juni 1971

Kaka,

Tunakusalimu, sasa ni sisi watatu. Robi amerudi. Enoka mwenyewe amemleta, na safari hii alikunywa uji. Robi anatembea akigeuza kichwa kama kuku, ili jicho zima lione njia, na mtoto anaona ni mchezo, naye anageuza. Anasaga, anafua. Kuni simruhusu, anazichukua nikiwa sipo.

Nilimwambia Enoka habari ya mkono. Nilitaka aisikie kwangu. Akasema, "Binti yangu ni mjinga kama mama yake," akaaga. Sijui kama ni msamaha.

Sasa sikiliza. Makongoro ametangaza kwamba watu wa chanjo watarudi mwezi ujao kwa ajili ya watoto walioachwa. Wanasema ndui haijaisha katika nchi za kaskazini na inaweza kuja na msafiri mmoja. Hapa kijijini kila mama anakuja kumtazama Robi. Wanaleta maziwa, wanakaa, wanatazama jicho. Wakitoka nje wananiuliza mimi: "Mama Nyamburi, wako utampeleka?" Nyumba sita zimesema zitafanya kama nitakavyofanya.

Mimi sijui. Nikimwosha Nyamhanga naangalia bega lake, laini, halina kitu, na nalikazia macho mpaka yeye anaacha kucheza na maji. Nikisema asiende, naona ndui. Nikisema aende, namwona Robi kwenye gari la ng'ombe.

Ulikataa kunijibu Aprili, ukakataa Mei. Nakuuliza mara ya tatu, na sasa siulizi dresa, namuuliza mtoto wa mama yangu. Angekuwa wako, ungempeleka?

Nyamburi

*

Nyasho, Musoma, 22 Julai 1971

Dada yangu Nyamburi,

Hana mzima, mimi mzima. Nimechelewa kwa sababu niliandika barua mbili nikazichana. Zote zilikuwa za dresa.

Mwaka wa 1938 nilikuwa na kofia mpya na sanduku la chuma, na nilitumwa kuchanja kwetu. Ndui ilikuwa imeshaingia Ikizu. Watu walikataa. Walikaa mbali, wamesimama. Nikamwita Dafroza, dada yetu, alikuwa na miaka kumi na saba, nikasema, tazameni, namchanja wa damu yangu. Akatoa mkono akiwachekea watu. Baada yake walijipanga mpaka jua likazama. Siku ya kumi na moja kichwa kikamshika. Siku ya kumi na nne tulimzika. Nilimwambia baba ni malaria. Kwenye daftari niliandika malaria. Nilijua haikuwa malaria, maana nilimpima. Sijui mpaka leo kama ni chanjo. Ninachojua ni kwamba nilishuku, na sikuandika.

Nilijiambia kwamba wakisikia watakimbia, na ndui iko Ikizu. Nusu ya sababu ni hiyo kweli. Nusu nyingine nilikuwa najilinda mimi na kofia yangu.

Daktari Leodgar alipoandika zile kurasa tatu niliona haya mbele ya kijana. Ningesema wakati ule, ungekua ukijua hatari hii ina ukubwa gani. Niliponyamaza, hofu yako ilikua peke yake gizani, haina mwisho, mpaka ikakupeleka kwenye mtama na ikampeleka Robi kutoa bega la pili. Hilo ndilo ninalolikiri kwako.

Sasa jibu. Katika miaka thelathini nimechanja watu nisioweza kuwahesabu, vijiji kwa vijiji. Waliopatwa na kichwa cha namna ile, ninaowajua, ni wawili, Dafroza na Robi, na wa pili huenda ana sababu nyingine. Na mwaka wa arobaini na tano niliingia kwenye kitongoji kimoja kilichokuwa hakijachanjwa. Nilikuta watu kumi na tisa wamekufa kwa ndui katika nyumba nane, na kuna mama aliyekuwa bado anamnyonyesha mtoto aliyekwisha kufa. Haya mawili hayalingani, Nyamburi. Moja ni jiwe linalomwangukia mtu njiani, jingine ni mlima mzima unaoporomoka.

Ndiyo. Ningempeleka. Ningetetemeka kuanzia siku ile mpaka siku ya kumi na moja ipite, kisha wiki nyingine juu yake, na sitakwambia kwamba kujua hesabu kunaondoa kutetemeka. Mtoto akichemka homa siku ya saba au ya nane, hiyo ni dawa inafanya kazi. Akisinzia asiamke, akitapika tapika, akikosa kugeuka unapomwita, usiniandikie. Mbebe uje hospitali saa ile ile.

Nisamehe, kama linasameheka.

Stanislausi

*

Butiama, 4 Agosti 1971

Kaka,

Barua yako imefika jana. Watu wa chanjo walipita tarehe ishirini na sita.

Nilikuwa nakungoja wewe. Asubuhi ile nilimwambia Robi, bado, kaka hajajibu. Alikuwa anamfunga mtoto mgongoni. Akasema, "Mama, nyie wawili mnaandikianaga tangu masika. Hakuna aliyeniuliza mimi. Jicho lililokufa ni langu. Huyu nilimbeba mimi kabla hajawa wa nyumba yako. Bibi yangu alizika watoto wanne wa ndui katika wiki moja, na alikuwaga akitaja majina yao akisaga, kila siku, kwa mpangilio. Mimi sitaki kusaga hivyo." Akaniangalia kwa kugeuza kichwa. "Na wewe twende. Safari hii utaje jina lako mwenyewe."

Tukaenda. Nyumba sita zilikuja nyuma yetu bila kuitwa. Nilichanjwa kabla ya mtoto. Haiumi. Ni kitu kidogo cha kudharauliwa, na nilikikimbia miaka thelathini na mitatu. Bwana Silasi alimwona Robi, akamtambua, akasimamisha kazi. Alikuwa ameisoma ripoti. Akamuuliza, "Dada, una hakika?" Robi akasema, "Hakika sina. Nina mtoto." Silasi akaandika jina la Nyamhanga na siku, na akasema atapita tena tarehe kumi na mbili kututazama.

Habari ya Dafroza nilijua. Nilikuwa na miaka kumi. Baada ya mazishi nilikuona nyuma ya ghala unaosha kile kichuma. Kilikuwa kimeshatakata, na wewe ukaendelea kuosha na kuosha, na ulikuwa unalia bila sauti. Nikajua. Sikukuchukia, Kaka. Nilikungoja tu useme, na kila mwaka uliponyamaza nikaona basi ni jambo kubwa kuliko nilivyodhani. Sasa umesema. Sijui kama ninachosikia ni kusamehe, kwa sababu nafasi yote ndani yangu imejaa mtoto.

Leo ni siku ya tisa. Jana alishikwa na homa. Begani lengelenge limejaa, limezungukwa na wekundu. Umeniandikia kwamba hiyo ni dawa inafanya kazi, Silasi alisema vilevile, Robi anasema vilevile huku anakoroga uji. Nyote mnasema kweli. Mimi ninasimama nyuma yake ninamwita jina, nione kama atageuka. Anageuka. Baada ya muda kidogo ninamwita tena. Robi amenikataza, anasema namchosha mtoto, lakini nilimwona naye anamwita, alipodhani nimekwenda zizini.

Zimebaki siku mbili, halafu ile wiki uliyoiongeza. Usinieleze kitu chochote tena kwenye karatasi. Barua hii nampa kondakta mkononi. Ukiipata panda basi, uje ukae hapa na sisi, hata usiposema neno.

Naiacha kalamu. Naenda kumwita.

Nyamburi